Njaa Isiyotaka Chakula: Historia ya Hamu ya Kula Kutoka Ziwa Kivu

Giheke ni sekta ya wilaya ya Rusizi, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, eneo ambalo hadi mwaka 2006 lilikuwa mkoa wa Cyangugu. Mvua haikosi huko. Milimani kuna ndizi, maharagwe, viazi vitamu na mihogo, chai ya Shagasha imetanda wilayani, na soko la Kamembe hupata sambaza wa Ziwa Kivu. Hata hivyo, watajie wazee wa milima hiyo bwaki, hakuna atakayekuuliza unazungumzia nini. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa kunyonya, ambaye nywele zake zimepauka na kuwa nyepesi, miguu imejaa maji na ngozi inabambuka. Kwingine Afrika Mashariki wanauita kwashakoo.

Kuna dalili moja ambayo mama huiona mapema kuliko mtu mwingine yeyote: mtoto hataki kula. Ukimpa uji anageuza uso, ukimbembeleza analia kwa sauti dhaifu. Mwili wake umekosa chakula, na chakula kipo mbele yake, lakini hakitaki. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimgharimu mama heshima yake. Majirani walisema ni mzembe, wengine wakasema mtoto amerogwa, na hata wauguzi waliosoma walimwona mtoto kuwa mkaidi. Nataka kusimulia jinsi fumbo hilo lilivyofuatiliwa, kwa sababu sehemu kubwa ya masimulizi hayo ilitokea katika nchi zetu za maziwa makuu, na kwa sababu jibu lake linamwondolea mama lawama.

Ugonjwa wenyewe uliingia katika vitabu vya tiba kupitia kwa Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika juu ya watoto waliovimba na kununa, waliolishwa mahindi matupu baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 1935 aliandika tena, safari hii akitumia jina walilolitumia Wagaa wa Accra wenyewe, kwashiorkor. Wakubwa wa tiba ya nchi za joto hawakumkubali. Walisisitiza kuwa ni pelagra tu, ugonjwa uliojulikana tangu zamani, na ubishi huo ulichelewesha mambo kwa miaka.

Upande wetu wa bara, ubishi uliangukia mikononi mwa Hugh Trowell. Alikuja Kenya mwaka 1929, kisha mwaka 1935 akahamia Uganda na kufanya kazi Mulago, Kampala. Wodi zake zilijaa watoto waliovimba. Alianza kwa kuamini pelagra, akawapa vitamini, wakafa. Pamoja na mpatholojia J. N. P. Davies, aliyepasua maiti na kukuta ini lililojaa mafuta na kongosho lililonyauka, alifikia uamuzi kwamba ugonjwa huu ni kitu kingine. Kitabu walichokitoa mwaka 1954 pamoja na Rex Dean kilifunga ubishi wa jina. Lakini kufunga ubishi wa jina ni jambo moja, na kumfanya mtoto ale ni jambo jingine.

Wakati huohuo Rwanda ilikuwa imetoka katika Ruzagayura, njaa kubwa ya 1943 na 1944. Ukame, ugonjwa ulioozesha viazi mbatata shambani, na madai ya utawala wa Ubelgiji uliotaka mazao na nguvu kazi kwa ajili ya vita, vyote viliwaangukia wananchi kwa pamoja. Familia nyingi zilivuka kwenda Kongo na Uganda kutafuta chakula, na wengi walikufa njiani au nyumbani. Miaka michache baadaye, mwaka 1950, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yaliwatuma J. F. Brock na M. Autret kuizunguka Afrika kuutafuta ugonjwa huu. Waliutafuta pia Ruanda-Urundi na Kongo ya Wabelgiji, na kila walipofika kusini mwa Sahara waliukuta au waliukuta umeacha alama. Ripoti yao ya mwaka 1952 iliweka mkazo kwenye protini: mtoto amekosa nyama, samaki na maziwa, basi apewe maziwa ya unga. Ushauri huo uliokoa wengi. Pia ulifanya watu wasahau kuuliza swali la hamu.

Ng'ambo ya Ziwa Kivu, mkabala na pwani ya Rusizi, Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo cha utafiti ambacho bado kinashangaza macho ya mgeni. Ni Lwiro, kilomita arobaini na ushei kaskazini mwa Bukavu, chini ya milima ya Kahuzi. Taasisi iliyokianzisha, IRSAC, iliundwa mwaka 1947. Hapo palikuwa na maktaba, mashine za kupimia matetemeko ya ardhi, wataalamu wa wanyama, na hospitali ya watoto. Katika miaka ya 1950 daktari E. M. De Maeyer na mwenzake H. Vanderborght walipima, gramu kwa gramu, protini ya mimea na ya maziwa inavyotumika katika mwili wa watoto wa Kivu. Baada ya uhuru wa Kongo, madaktari wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels waliendelea hapo kwa miongo kadhaa, akiwamo Profesa H. L. Vis. Mkulima wa Giheke na mkulima wa Katana, karibu na Lwiro, wanalima mazao yaleyale na watoto wao waliugua ugonjwa uleule. Mpaka wa kikoloni uliopita katikati ya ziwa haukuutenganisha. Ndiyo maana ninaihesabu Lwiro kuwa sehemu ya historia ya Rusizi.

Kampala, Rex Dean aliongoza kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto cha Baraza la Tiba la Uingereza. Yeye ndiye aliyepambana ana kwa ana na mtoto anayekataa kula. Alichanganya maziwa, sukari na mafuta ya mbegu za pamba ili kidogo kiwe na nguvu nyingi, na mtoto alipokataa kabisa, chakula kilipitishwa kwa mpira mwembamba puani hadi tumboni. Mwanasaikolojia Mfaransa Marcelle Geber alikuja kufanya naye kazi, na mwaka 1955 waliandika kwamba huenda kukataa chakula kunatokana na huzuni. Katika vijiji vya Buganda waliona mtoto anaweza kuachishwa ziwa ghafla na kupelekwa kwa bibi, asimwone mama kwa muda mrefu. Mtoto aliyevunjika moyo, walisema, huacha kula. Waligundua pia kuwa mtoto anayelazwa pamoja na mama yake hupona vizuri zaidi. Kwa maoni yangu hii ni moja ya hatua zenye utu zaidi katika historia yote hii, na hadi leo mama hulala na mwanawe wodini. Lakini huzuni peke yake haikutosha kueleza kwa nini hata mtoto aliyebebwa na mama yake mchana kutwa alikataa kijiko.

Baada ya Dean, Roger Whitehead wa kitengo hichohicho aliugeuza uchunguzi kuelekea damu. Mwaka 1973 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya homoni vilivyochukuliwa kwa watoto kadiri kwashakoo ilivyokuwa ikijengeka: insulini, kotisoli na homoni ya ukuaji. Walionyesha kwamba mwili wa mtoto mwenye njaa haukai kimya ukisubiri kufa. Unatoa amri, unazibadilisha, unavunja misuli hapa ili kulinda ini pale, na siku mizani hiyo inapopinduka ndipo uvimbe unaonekana. Muda si mrefu utawala wa Idi Amin ulifanya kazi ya kisayansi isiwezekane, na kitengo kikaondoka Uganda. Homoni kuu zinazotawala hamu yenyewe zilikuwa bado hazijajulikana.

Zilikuwa zinatafutwa mbali sana na Kampala, katika maabara ya panya huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1949 katika Jackson Laboratory walizaliwa panya wa ajabu waliokula bila kikomo na kunenepa kupita kiasi. Katika miaka ya 1960 wakapatikana wengine wa namna hiyo, wanene na wenye kisukari. Douglas Coleman, Mkanada aliyefanya kazi hapo, alifanya jaribio gumu: aliunganisha panya wawili kwa upasuaji ili damu ya mmoja iingie kwa mwenzake. Alipomuunganisha panya wa kawaida na yule wa kisukari, mnene aliendelea kula na kunenepa, lakini yule wa kawaida aliacha kula hadi akafa kwa njaa, chakula kikiwa mbele yake.

Msomaji anayeijua bwaki atasimama hapa kidogo. Huyu ni kiumbe mwenye afya aliyekufa njaa penye chakula kwa sababu tu ya kitu kilichoingia katika damu yake. Coleman alielewa maana yake. Panya wa kisukari alikuwa akizalisha kwa wingi ujumbe wa kushiba ambao yeye mwenyewe hakuweza kuusikia. Mwenzake aliyeusikia aliutii hadi kufa. Yule wa mwaka 1949 alikuwa kinyume chake: aliweza kusikia, ila hakuwa na ujumbe. Hivyo, mapema katika miaka ya 1970, Coleman alieleza kwamba kuna homoni, na kuna kipokezi chake, na kwamba kimoja bila kingine hakifai kitu. Wengi walimpinga. Unene, walisema, ni tabia mbaya tu. Ni lawama ileile iliyomwangukia mama wa bwaki, kwa upande wa pili.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na kundi lake huko New York waliipata jeni yenyewe. Homoni ikaitwa leptini, na inatengenezwa na seli za mafuta. Mwaka uliofuata kundi la Louis Tartaglia lilikipata kipokezi chake, na hesabu ya Coleman ikathibitika: panya wa kisukari alikuwa na kipokezi kibovu. Mwaka 1997 Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi wa Cambridge walikuwa miongoni mwa waliotangaza kuwa jambo hilohilo lipo kwa binadamu. Watoto wawili, binamu kutoka ukoo wenye asili ya Pakistani, hawakuwa na leptini. Walilia kutaka chakula saa zote. Walipopewa sindano za leptini, walianza kula kama watoto wengine. Mwaka 1998 ikapatikana familia yenye asili ya Algeria ambamo kipokezi ndicho kilichoharibika, na kwa hao sindano ya leptini haingeweza kusaidia chochote.

Inafaa nieleze kipokezi hufanya nini hasa. Homoni husafiri katika damu na kupita kila mahali, kwenye ini, kwenye ngozi, kwenye figo, lakini husikika tu katika seli zenye protini ya kuipokea. Kwa homoni kama leptini, protini hiyo imepenya utando wa seli, sehemu moja ikitokeza nje na mkia wake ukibaki ndani. Homoni hupiga hodi nje, na kipokezi hujibu ndani: kinabadilika umbo, mkia wake unawasha vimeng'enya, na ujumbe unafika hadi kwenye kiini cha seli, ambako jeni fulani huwashwa na nyingine kuzimwa. Leptini haihitaji kuingia ndani ili kuufikisha ujumbe wake. Kazi yake inaishia mlangoni.

Mlango muhimu zaidi wa leptini uko chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi. Hapo kuna makundi mawili ya seli za neva yanayovutana. Kundi moja, likisikia leptini, hutoa kemikali inayokwenda kugusa kipokezi kingine kiitwacho MC4R, na mtu hujisikia ameshiba. Kundi la pili hufanya kinyume: hukizuia kipokezi hichohicho na kuleta njaa, na leptini hulinyamazisha. Mafuta ya mwili yakipungua, leptini hupungua, kundi la njaa hupata uhuru. Kisha mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakaigundua ghrelini, homoni inayotoka tumboni wakati tumbo ni tupu na kulichochea kundi la njaa. Kipokezi chake kilijulikana miaka mitatu kabla, kikiwa hakijulikani kinamsubiri nani. Utumbo nao, chakula kinapofika, hutoa PYY na GLP-1, ambazo zina vipokezi vyake na huagiza mlaji aache. GLP-1 ndiyo inayoigwa na dawa mpya za kupunguza unene ambazo matajiri wa dunia wanazigombania sasa.

Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyekonda anapaswa kuwa na njaa kali: leptini chini, ghrelini juu. Na hapo ndipo masimulizi yanarudi Mulago. Katika kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, madaktari wa Uganda wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima damu ya watoto 77 wenye utapiamlo mkali, wa kuvimba na wa kukonda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Leptini ilikuwa chini na ghrelini juu, kama ilivyotarajiwa. Lakini PYY na GLP-1, wajumbe wa kushiba, nazo zilikuwa juu, pamoja na kotisoli na kemikali ya uvimbe-joto iitwayo IL-6. Matibabu yalipoendelea, mizani ilianza kurudi. Watoto 9 walifariki. Katika vyote vilivyopimwa kwenye damu, kilichotabiri kifo zaidi ya vingine kilikuwa leptini kuwa chini mno.

Ukisoma matokeo hayo pamoja na yale ya panya, mtoto wa bwaki anaanza kueleweka. Tumbo lake linaita njaa. Wakati huohuo utumbo wake uliojeruhiwa kwa kuhara na vijidudu unaita shibe, na maambukizi yanamwaga kemikali ambazo ubongo unazipokea kama amri ya kuacha kula, zilezile zinazomfanya mtu mzima mwenye malaria achukie chakula. Amri mbili zinazopingana zinafika mahali pamoja, na ile ya kukataa inashinda. Leptini nayo haitawali hamu peke yake. Seli za kinga za mwili zina vipokezi vyake, na inapokosekana kinga hulala. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto waliorithi umbo fulani la kipokezi cha leptini walishambuliwa zaidi na amiba wa kuhara. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza mafuta yake hukosa pia ulinzi wake, na mara nyingi kinachomuua ni nimonia au kuhara. Bado hilo halielezi yote, maana kwa nini mmoja avimbe na ndugu yake akonde tu kwa chakula kilekile ni ubishi ambao haujaisha.

Lwiro ilikuwa na neno lake la mwisho. Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata viliiharibu Kivu, lakini madaftari ya hospitali yalihifadhiwa. Watafiti wa Bukavu, akiwamo Pacifique Mwene-Batu na Ghislain Bisimwa, waliwatafuta watu waliolazwa hapo utotoni kwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji vilevile. Waliwakuta watu wazima, wafupi kidogo kuliko wenzao, na wenye dalili zaidi za kuelekea kwenye kisukari na unene wa tumbo. Mwili uliojifunza njaa mapema huonekana kuendelea kuweka akiba hata siku za shibe. Hilo ni onyo kwa Kamembe ya leo, yenye soda na maandazi kila kona.

Tiba imebadilika kufuatana na elimu hii, ingawa sehemu yake iliitangulia. Mtoto aliyelazwa huanza na maziwa mepesi ya F-75, kidogokidogo, usiku na mchana, hadi maambukizi yatulie. Hamu ikirudi ndipo huongezewa. Kwa mseto wa karanga na maziwa ya unga ambao André Briend na Michel Lescanne waliutengeneza mwaka 1996, mtoto asiye na matatizo mengine sasa hutibiwa nyumbani. Kinachoamua ni hamu yake: anapewa pakiti kituoni, anaachwa ale mbele ya mama, na muuguzi anatazama. Akila, anarudi nyumbani na pakiti za wiki. Akikataa, anapelekwa hospitali, kwa sababu kukataa kwake ni dalili ya hatari. Nchini Rwanda, watoto waliodumaa walikuwa asilimia 44 mwaka 2010, 38 mwaka 2014 na 2015, kisha 33 mwaka 2019 na 2020. Punguzo hilo limechangiwa na washauri wa afya wa vijiji wenye utepe wa kupima mkono, ng'ombe wa mpango wa Girinka, bustani za mboga na unga wa Shisha Kibondo kwa familia maskini. Hata hiyo theluthi moja ilikuwa bado ni watoto wengi mno.

Kwa hiyo, mzazi wa Giheke au wa popote, mwanao mgonjwa akigeuza uso mbele ya uji, usimpige, usimkabe mdomo na usijilaumu. Mbebe siku hiyohiyo umpeleke kituo cha afya, na ukifika mwambie muuguzi neno hili kabla ya mengine yote: amekataa kula.